Gramu Tatu Katika Tangi

Jumatatu, 29 Septemba

Naanza kuandika kwa sababu leo nimegombana na kamati nzima na hakuna aliyenisikiliza. Karatasi angalau haina mdomo wa kunikatiza.

Mambo yenyewe ni haya. Kikundi chetu kina machimbo madogo ya dhahabu upande wa juu wa Rukanga, nami ndiye msimamizi wa matumizi, yaani mtu anayenuniwa kila anapofungua mdomo. Jiwe tunalisaga, tunaliloweka kwenye maji ya sianidi, dhahabu inayeyuka humo kama sukari kwenye chai, kisha tunainasa. Maji yanayobaki tunayamwaga kwenye bwawa lililotandikwa plastiki. Miaka yote hii tumeyaita maji machafu na kuyapa mgongo. Sasa bwawa limekaribia ukingo. Wiki iliyopita afisa wa mazingira alikuja, akalizunguka lote, kisha akasema mvua za vuli zikilijaza likamwagikia mashamba ya chini, atafunga machimbo siku hiyo hiyo. Anataka maji yote yasafishwe na bwawa liwe tupu kabla ya Krismasi. Dawa ya kuyasafisha inagharimu kuliko kila kitu tulicho nacho benki.

Hapo ndipo mwenyekiti wetu Mzee Mwandawiro, mwalimu mstaafu, alipotoa majibu ya maabara. Yale maji machafu yana dhahabu. Kidogo sana: ukijaza tangi letu kubwa la lita elfu kumi, mna gramu tatu. Lakini bwawa lina maji ya kulijaza tangi hilo mara arobaini. "Maji yajilipie dawa yao wenyewe," Mzee akasema, na watu wakapiga makofi. Mimi nikasema tutatumia shilingi mia kutafuta hamsini, na vita vikaanzia hapo.

Kumbe ameshamleta mtu wa kuifanya kazi. Anaitwa Oyugi, alichimba dhahabu Migori kabla ya kuja Voi kwa kazi ya reli. Amefika machimboni na viatu vyeupe. Sijampenda.

Alhamisi, 2 Oktoba

Joto, upepo, vumbi. Oyugi ameomba chai mara tatu, na Mable, mpishi wetu, amempa zote tatu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo Oyugi amenifuata mezani na kikombe cha chai na jagi la maji.

"Mama Lynn, wewe ni mtu wa hesabu. Wacha nikuonyeshe kitu." Lynn ni binti yangu, na hapa hakuna anayeniita kwa jina jingine. Akamimina chai yote ndani ya jagi. "Sukari ni ile ile, sivyo? Sijaongeza, sijapunguza. Lakini sasa ukiitaka yote, lazima unywe jagi mzima."

"Na umeniharibia chai."

"Nitakuletea ingine. Skiza. Mafuta ya pampu, dawa, mshahara, hizo zote zinafuata maji. Pesa inafuata dhahabu. Kwa hivyo maji ikiongezeka na dhahabu isiongezeke, tumekwisha."

Anachotaka kufanya ni kuyapitisha maji polepole kwenye mapipa yaliyojaa makaa ya vifuu vya nazi kutoka Kilifi. Dhahabu hugandamana na makaa, maji yanatoka bila kitu, kisha yanatiwa dawa ya klorini ya kuua sumu na kumwagwa salama kwenye changarawe. Makaa tunayachoma, majivu tunayayeyusha, dhahabu inabaki. Kwa hesabu yake, katika kila gramu tatu tutanasa mbili na nusu, za kama elfu thelathini, na gharama ya tangi moja ni elfu ishirini na mbili. Nimeipitia hesabu hiyo jioni nzima nikitafuta kosa. Sikuliona, na hilo limeniudhi zaidi.

Jumapili, 5 Oktoba

Kanisani tumeomba mvua. Tumeiomba kwa wimbo, kwa magoti, na Mchungaji akaiomba tena katika mahubiri. Si ajabu, mwaka jana hatukuvuna hata debe, na mbuzi wanakula maboksi. Lakini mimi ninajua kila tone litakaloanguka bwawani litaizimua dhahabu yetu. Watu waliposema amina mimi nilifunga mdomo. Mable alikuwa pembeni yangu, akanipiga kiwiko.

"Huombi?"

"Naomba ichelewe kidogo."

"Usimwambie mtu," akanong'ona, na kwa uso wake alikuwa hatanii.

Jumatano, 8 Oktoba

Tangi la kwanza limepita. Maji yanatiririka membamba kama mkojo wa mbuzi mgonjwa. Nimemwambia Oyugi hivyo hivyo. Akasema ndivyo yanavyotakiwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tembo walikuja alfajiri. Huko mbugani hakuna maji, wamesikia harufu ya haya. Tuliamka wote, tukapiga madebe na kuwasha magari, wakasimama kwenye ua wakitutazama kama watu waliokatazwa kuingia kwenye harusi. Jike mmoja alikuwa na mtoto. Nilipiga debe mpaka mkono ukavimba. Hapo kwa mara ya kwanza nililitaka bwawa hili liishe kwa ajili ya kitu kingine mbali na machimbo. Waliondoka jua lilipochomoza.

Ijumaa, 17 Oktoba

Matangi kumi yamepita na leo Oyugi ameyeyusha. Punje imetoka gramu ishirini na nne na nukta. Nimeishika. Ni nzito kuliko inavyoonekana, na ilikuwa bado na joto. Mzee Mwandawiro alicheka peke yake kwa muda mrefu, sijawahi kumwona hivyo.

Lakini makaa ya vifuu yamekwisha, na muuzaji wa Kilifi amepandisha bei, anajua tunayahitaji. Nikasema hapana. Makaa ya mgunga yanauzwa hapo njia ya Ndara kwa bei ya chini kabisa.

"Hiyo ya mgunga inashika dhahabu, sikatai," Oyugi akasema. "Lakini ni laini, Mama Lynn. Itasagika ndani ya pipa. Itakuwa unga."

"Makaa ni makaa."

"Sawa. Wewe ndiye unashika pesa."

Alisema bila hasira. Mimi nilisikia amenitukana.

Jumanne, 21 Oktoba

Makaa ya mgunga yamefika. Tumeokoa hela nyingi. Nimejisifu mbele ya kamati, nadhani mara mbili.

Jumatatu, 27 Oktoba

Joto la kukata pumzi. Mawingu yanakuja juu ya Kasigau mchana, jioni hayapo. Mapipa yanaziba kila siku, watu wa pampu wananung'unika. Mable ananung'unika pia, lakini yeye hunung'unika kila mwaka.

Ijumaa, 31 Oktoba

Matangi kumi mengine. Punje imetoka gramu tisa.

Jumamosi, 1 Novemba

Sikulala vizuri na leo nimefanya jambo.

Tulituma maji yaliyotoka kwenye mapipa yakapimwe. Majibu yamefika: yameshaachwa na dhahabu karibu yote. Kwa hiyo maji hayanayo. Makaa tumeyachoma na kuyayeyusha, nayo hayanayo. Nikajiuliza maswali ya mtoto wa darasa la tatu. Kama haipo hapa na haipo pale, nani anayo? Na nani pekee anayeshika makaa, anayechoma, anayeyeyusha, huku amevaa viatu vyeupe?

Nikaitisha kamati. Nikasema yote, na nikalitaja neno lenyewe: mwizi. Oyugi alikuwa amekaa karibu na mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia apige kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

"Nilikuambia itakuwa unga," akasema.

"Unga gani? Unatuambia dhahabu imepeperuka?"

"Nipe siku mbili nitafute."

"Ukatafute wapi, nyumbani kwako?"

Watu wengine walicheka. Oyugi akasimama, akamtazama Mzee Mwandawiro, na Mzee akatazama meza. Basi akachukua mfuko wake akashuka kwenda barabarani. Nilipotoka nje Mable alikuwa anaosha sufuria. Hakuniitikia nilipomsalimia.

Jumatatu, 3 Novemba

Kazi imesimama. Mawingu yamebaki mpaka jioni leo. Nimejiambia nilifanya sawa. Nimejiambia mara nyingi mno.

Jumanne, 4 Novemba

Hii nitaiandika polepole.

Saa tisa upepo ulibadilika na kukawa na harufu ya mvua. Mable akaniita kutoka nyuma ya jikoni. Alikuwa bado amenuna, lakini alihitaji mikono.

"Njoo unisaidie kuingiza makaa yangu ndani. Ikinyesha nitapoteza kazi ya wiki mbili."

Nyuma ya jikoni, juu ya mabati, kulikuwa na madonge meusi yamepangwa safu kwa safu, makubwa kama mandazi. Kila mtu huku anayajua. Vumbi la makaa unalikanda na udongo mwekundu, unaviringisha, unaanika, na donge moja linawaka kuliko makaa yenyewe. Nilibeba karai la kwanza, nikabeba la pili. La tatu likanisimamisha, kwa sababu jikoni kwetu tunapika kwa kuni.

"Mable, vumbi umetoa wapi?"

"Si kwa lile pipa la chini, la kutulizia maji? Linajaa tope nyeusi kila siku, watu wa pampu wanataka kuimwaga tu. Vumbi la makaa mtu anamwaga? Mama yangu kule Mwanda angefufuka anichape. Nikawaambia leteni hapa."

Nilikaa chini. Nilikaa kweli, kwenye udongo, na sketi yangu nzuri ya kazi.

"Umepikia?"

"Nipikie watu sumu? Mimi si mjinga, Mama Lynn. Nimeisuuza, nimevaa glavu, nimeanika juani. Ni ya kuchemsha maji ya kuoga tu."

"Nani ameoga?"

"Wote. Lakini Oyugi ndiye anaoga asubuhi na jioni."

"Na majivu?"

"Namwaga chooni, inapunguza harufu."

Sikujua nicheke au nilie, kwa hiyo nilifanya yote mawili, na Mable akadhani nimepandwa na malaria. Makaa ya mgunga yalisagika kama alivyosema Oyugi. Dhahabu ilishikwa na unga, unga ukapita na maji, ukatuama kwenye pipa la chini, na mama huyu, kwa kukataa tu kutupa kitu, aliukusanya wote na kuuviringa kwa mikono yake. Kiasi fulani tumekiunguza na kukimwaga, hivyo choo chetu huenda ndicho choo ghali kuliko vyote Taita Taveta. Lakini mengi yalikuwa hapo mbele yangu kwenye karai. Nami nimemwita mtu mwizi.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeshuka Voi. Oyugi anaishi karibu na nyumba za reli. Mlango umefunguliwa na mkewe, Branice. Alijua mimi ni nani, hakuniambia nikae. Oyugi alikuwa uani anasugua viatu vyake kwa mswaki.

"Oyugi, nilikuita mwizi mbele ya watu. Hukuiba. Mimi ndiye niliyekosea, na makaa pia ulikuwa umeniambia."

Aliendelea kusugua. "Ilikuwa wapi?"

"Kwa madonge ya Mable. Umekuwa ukiogea."

Mswaki ukasimama. Akaanza kucheka taratibu, kisha akacheka mpaka akaweka kiatu chini. Branice hakucheka.

"Ulimwita mwizi mbele ya watu," akaniambia. "Hayo maneno unayosema hapa kwangu, utayasema mbele ya watu hao hao?"

"Nitayasema."

"Wote?"

"Wote, mama."

Ndipo akanivutia kiti. Chai yake ni tamu kuliko ya Mable, lakini hilo sitalisema machimboni.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeyasema. Wanachama walikuwa wamejaa, na nilisimama pale pale niliposimama wiki iliyopita. Nililitaja tena lile neno, mwizi, nikalifuta. Oyugi akaja akanipa mkono kabla sijamaliza, nadhani kwa kunihurumia.

Kisha tukawasha. Madonge yote, taratibu, ndani ya jiko la bati, na Oyugi akatukataza kusogea upande wa moshi. Majivu akayayeyusha kwenye chungu na boraksi, unga wa kuitenga dhahabu na taka. Punje imetoka gramu kumi na nne. Ukijumlisha na zile tisa na zilizoingia chooni, hakuna iliyopotea.

Lililo zuri zaidi amelisema baadaye, akinywa chai. "Kama hii makaa inataka kuwa unga, wacha tuisage sisi wenyewe. Unga unashika haraka kuliko vipande. Tunakoroga kwa tangi, tunaacha itulie, tunachuja kwa kitambaa. Shida ya unga huwa ni kuushika, na Mable ameshatuonyesha vile unashikwa."

Tumepiga hesabu pamoja. Tangi moja sasa litatugharimu elfu kumi na nane, na kwa siku tutapitisha mawili. Mable ameongezewa mshahara na wasaidizi wawili. Ameuliza sasa ataogeshea watu na nini.

Jumatano, 12 Novemba

Matangi mawili jana, mawili leo. Mawingu mazito.

Ijumaa, 14 Novemba

Mawili tena. Namtazama Oyugi akikoroga na ninajiuliza nilikuwa naona nini hapo mwanzo. Anawaeleza watu wa pampu kila kitu bila kuchoka. Anaimba vibaya.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua.

Jumatatu, 17 Novemba

Imenyesha kutwa. Watu wote wako mashambani na majembe, wanaitana kutoka kilima hadi kilima, na harufu ya udongo imeingia hadi kwenye shuka. Nami nimepanda pojo zangu kama wengine, magoti yamejaa tope, na nilikuwa na furaha. Kisha nikapanda machimboni kuangalia bwawa, furaha ikapungua.

Alhamisi, 20 Novemba

Mtaro wa juu wa kuepushia maji ya mlima ulibomoka, nayo yakaingia bwawani. Tulikuwa tumebakisha matangi nane. Sasa ni kumi na sita, na dhahabu ni ile ile ya matangi nane. Oyugi hakuhitaji kuniletea jagi. Kila tangi sasa litatupa kama elfu kumi na tano, na kulisafisha ni elfu kumi na nane.

Jumamosi, 22 Novemba

Mkutano wa wanachama wote, kwenye darasa la shule ya msingi. Sikufikiri nitaona siku hii: Mzee Mwandawiro akasimama na kusema tuache.

"Maji yalijilipia mpaka hapo," akasema. "Yaliyobaki yako chini, hayawezi kumwagika. Tugawane tulichopata. Januari ni karo, na mimi ndiye ninayegongewa mlango na wazazi."

Sikumlaumu. Amegongewa mlango kweli, na amezeeka tangu Septemba. Watu wakaitikia, wengi, na wengine ni wenye watoto wa sekondari, ninawajua kwa majina. Nikasimama mimi, yule aliyepinga kazi hii kuanza.

"Mzee anasema kweli," nikawaambia. "Kila tangi kuanzia leo ni hasara ya elfu tatu. Nimetafuta njia ya kuifanya isiwe hasara, nimeikosa. Lakini mvua bado wiki tatu, na mtaro ule umebomoka mara moja, utabomoka tena. Dhahabu imezimuliwa, sumu bado ni sumu. Faida tuliyoshika ilitoka kwenye maji haya haya. Tukiyaacha nusu, hatujafanya kazi, tumechota tu. Na huyo afisa akija akayakuta hapa, hatutakuwa na mahali pa kutafutia karo ya miaka ijayo."

"Karo ni Januari hii," mtu akasema nyuma, na hakuwa na makosa.

Tulipiga kura kwa miguu: wa kugawana mlangoni, wa kumaliza dirishani. Mable alifika dirishani kabla Mzee hajamaliza kueleza. Shamba lake ndilo la kwanza chini ya bwawa. Oyugi si mwanachama, alikaa nje kwenye baraza. Watu walisimama, wakasita, wakavuka, wengine wakarudi. Mwisho nilihesabu na dirishani tulizidi kwa watu wanne. Mzee Mwandawiro alikuwa bado katikati ya darasa, ameshika kofia yake. Akatembea hadi kwetu. "Basi wawe watano," akasema. Karo tutaigawana kwa kilichobaki, kila mtu pungufu kidogo, mimi pia.

Jumanne, 25 Novemba

Mtaro umejengwa upya. Tangi moja tu, injini ya pampu imelowa.

Jumamosi, 29 Novemba

Mawili. Hasara elfu sita. Nimeiandika na sikuumwa.

Alhamisi, 4 Desemba

Tunachota kwa ndoo sasa, pampu haifikii chini. Wanachama wamekuja wenyewe, hata waliosimama mlangoni. Branice amekuja kutoka Voi na masufuria yake, yeye na Mable wameshindana kupika na sisi tumekula mara mbili.

Jumanne, 9 Desemba

Afisa wa mazingira amefika asubuhi. Tangi la mwisho lilikuwa limetulia tangu jana. Akachovya karatasi yake ya kupimia, akaitazama, akachovya ya pili kwa kutoamini. Zote mbili hazikubadilika rangi: hamna sumu. Akashuka mwenyewe hadi katikati ya bwawa, akapiga plastiki kwa kisigino, ikalia kavu. Akatuambia machimbo yaendelee, na kwamba ataleta watu wa machimbo mengine waone tulivyofanya. Mzee Mwandawiro alimjibu kwa Kiingereza kirefu. Oyugi akaniuliza kama tutamhitaji tena Januari. Nikamwambia akithubutu kutokuja nitamfuata hadi Migori.

Mvua ikaanza mchana, afisa alipokwisha kwenda. Sikukimbilia bandani. Nilisimama ukingoni nikayatazama matone yakipiga plastiki, kisha yakajikusanya, kisha yakawa kidimbwi cha maji meupe kabisa. Ndege mmoja akatua akanywa, nikashtuka kwa mazoea, nikataka kumfukuza. Kisha nikamwacha anywe. Humo hamna gramu hata moja, hamna kitu kabisa ila maji, na nimelia kwa furaha mbele ya Mable.